Usukani wa Kulalia

Msumeno ulikuwa umeshazama nusu ya bomba la kwanza Fundi Anord alipoliona jina. Lilikuwa limechorwa kwa msumari karibu na mshikio: ABRAHAMU. Mkono ukasimama wenyewe.

"Severin," alisema, "haya si magongo ya baba yako?"

"Ndiyo yenyewe, fundi. Kata tu."

Kijana alikuwa amefika asubuhi na baiskeli yake ya mbio, ile ya mtumba aliyoipata Tanga kwa bei ya kutupa, pamoja na gunia lenye mabomba mawili ya alumini. Alitaka usukani wa kulalia, ule unaofungwa katikati ya usukani wa kawaida ili mwendeshaji alaze mikono mbele na upepo usimsumbue. Kwa miaka miwili alikuwa ameiongezea baiskeli hiyo kitu kimoja kimoja: kishikilia chupa, pedali zenye mikanda, kisaa cha kuhesabu kilomita. Kilichobaki ni huo usukani. Anord alikuwa hata amemtania, akamuuliza atalala wapi wakati kijiji chao cha Gare chote ni kupanda na kushuka.

"Arusha kuna tambarare," Severin alikuwa amejibu.

Sasa Anord akaelewa kwamba kijana anaondoka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba timu ya baiskeli ya Arusha imemwita kwenye majaribio, na kwa umri wake nafasi hiyo haitarudi. Aliwahi kuitwa mara moja, miaka miwili iliyopita. Siku tatu kabla ya safari, baba yake, Mzee Abrahamu, alianguka kwenye matuta ya viazi na mguu ukagoma kumbeba. Mama hayupo tena duniani, ndugu hana. Severin akabaki. Akalima, akabeba kabichi hadi barabarani, akampikia mzee na kumwogesha. Kanisani akawa mfano wa kutolewa kwa vijana wengine.

Na magongo hayo yalikuwa ya jumuiya nzima ya kanisa. Jenoveva, mwenyekiti wao, alipita nyumba kwa nyumba akichangisha. Mwenye viazi alitoa viazi, na Anord alitoa jogoo wake wa pekee. Yakaagizwa yale ya kisasa, yenye vikombe vya kushika mkono chini ya kiwiko. Severin alikuwa amevifungua vikombe hivyo nyumbani. Sasa alivitoa mfukoni, akavipanga mezani, akaonyesha jinsi vitakavyofaa kulazia mikono.

Anord aliumia. Aliona wamesalitiwa wote, yeye, kanisa, na jogoo wake.

Akaligeuza gongo. Mpira wa chini haukuwa umelika hata kidogo, bado una mistari yake ya kiwandani. Akazidi kumhurumia mzee. Miaka miwili ndani, hatoki ila Jumapili, tena kwa kubebwa na bodaboda.

"Na yeye atatembeaje?"

"Atatembea."

"Kwa miguu gani?"

Severin aliinamisha kichwa. "Jumanne nilirudi mapema kutoka shambani," alianza, kisha akanyamaza. Machozi yakamlengalenga. Anord akasema moyoni kwamba hiyo ni aibu inamsuta, na acha imsute.

"Mimi sikati," alisema.

Severin akauchukua msumeno akakata mwenyewe. Hakubishana wala hakuharakisha. Alipomaliza la kwanza akashika la pili.

Jenoveva alikuwa akipita na kapu la matunda ya plamu kichwani. Akasimama, akaona vipande mezani, na Anord akamweleza kwa maneno machache. Mama huyo akatua kapu polepole.

"Mwanangu," alisema, "kila Alhamisi tunakuombea wewe na baba yako. Haya ndiyo malipo yake? Mzazi unamwacha chini kama gunia?"

"Shikamoo, mama. Naomba ukae kidogo hapo kwenye benchi."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu, mama. Hutachelewa."

Alikaa, lakini kwa hasira, na uso ameugeuzia barabarani. Severin akaendelea kufunga mabomba kwenye usukani. Moja likakaa juu na jingine chini. Anord aliangalia ule upogo mpaka ukamshinda. Akasonya, akachukua spana, akanyoosha na kukaza, kwa sababu hakutaka kitu kilichopinda kionekane kimetoka kwake. Akafunga na vikombe. Vilikaa vizuri, na hilo nalo lilimuudhi.

Severin akapanda, akalaza mikono, akajaribu, akashuka. Kisha akatoa simu. Akapiga.

"Shikamoo, baba," alisema. "Magongo yako nimeyaleta huku kwa Fundi Anord. Nimeyakata."

Akakata simu kabla hajajibiwa.

"Una roho gani wewe?" Anord aliuliza. "Mtu hawezi hata kusimama, unampigia kumwambia hivyo?"

"Atajiburuza," alisema Jenoveva, ameshainuka. "Atajaribu kuinuka, aanguke kwenye yale mawe. Fundi, twende tukamshike."

 Severin alikaa chini kando ya baiskeli yake akaficha uso magotini, mabega yakitikisika. Wao hawakuwa na muda wa kumbembeleza. Anord alirudisha mlango wa karakana, wakashika njia ya juu kuelekea kwa mzee, Jenoveva mbele, kanga ameipandisha kwa haraka.

Hawakufika hata kwenye mfereji unaokata njia. Mzee Abrahamu alikuwa akishuka mlima mbio, akiruka matuta ya viazi mawili mawili, akifoka kwamba mwanawe amemfanya kilema.