Mifuko Mitatu ya Saruji

Bahasha ya Salmini ilikuwa imebakiwa na karatasi moja tu, na hiyo moja ilihusu kisima kilichoharibika kuliko vyote Chilangala.

Aliinama akachungulia ndani. Ufa ulianzia mdomoni mwa kisima ukateremka ukutani hadi sakafuni, mpana wa kuingiza kidole. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye bati, ya kuwafikisha watu wa nyumba ile hadi masika, yote yalikuwa yameishia ardhini. Siku moja mtambo wa kushindilia barabara ulipita mchana hapo nje, ukatikisa mpaka sufuria jikoni. Kulipokucha, kisima kilikuwa kikavu. Tangu siku hiyo maji yalikuja kwa pikipiki, dumu kwa dumu.

"Kuziba hakutasaidia kitu," alisema Severina, mama aliyekuwa ameketi mkekani akichambua korosho. "Fundi amekiona. Kinatakiwa kijengwe upya, na mvua haziko mbali. Hiyo karatasi yenu inasemaje?"

Salmini alitabasamu. Alikuwa afisa mahusiano wa kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, ana miezi miwili tu tangu atoke kwao Tabora, na kazi ilikuwa imeshamfundisha jambo moja: akina mama huuliza maswali, akina baba huweka sahihi.

"Nisamehe mama yangu. Haya mambo ya sahihi naomba niongee na baba."

Severina aligeuza shingo. "Baba Agatha! Njoo, unatakiwa huku."

Vitalis alitokea nyuma ya nyumba, alikokuwa akikonyoa korosho, mikono imelowa maji ya mabibo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Mimi ndiye ninayetakiwa?"

"Wewe hasa, mzee."

Vitalis alinawa kwa maji kidogo sana, akaleta vigoda viwili, akakaa kwa heshima zote. Severina hakuletewa kigoda, wala hakukiomba. Aliendelea na korosho zake.

Salmini akasoma. Familia itapewa mifuko mitatu ya saruji. Baada ya hapo mkuu wa kaya anatamka kwamba ameridhika na hana dai lolote kwa kampuni, kwa madhara yaliyoonekana na yatakayoonekana baadaye.

"Yatakayoonekana baadaye," Vitalis alirudia. "Hata kisima kikititia chote?"

"Hata kikititia."

"Na ukuta wa nyumba ukifuata?"

"Hata huo, mzee."

Vitalis alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kuwa leo ni Jumanne. "Haya. Lete kalamu."

Salmini aliona aibu, tena aibu ya kweli. Mama yake mwenyewe angeletewa karatasi ya namna ile, angemwambia aichanechane awashie jiko. Lakini mkuu wake alikuwa anamngoja Masasi, na alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asiporudi na sahihi zote asijisumbue kurudi. Hata hivyo, dhamiri ilimsukuma aulize mara moja tu, ili baadaye apate kulala.

"Una hakika umeelewa, mzee? Ukishaweka sahihi hutaweza kutudai tena."

"Nimeelewa sana. Mimi siidai kampuni yenu kitu. Kisima chenyewe nilikikuta kipo."

Salmini alifurahi kusikia hivyo. Kisima kikuukuu, tena kilichojengwa na watu wa zamani! Aliandika jambo hilo pembeni haraka, mkuu angelipenda. Kisha akaandika jina la Vitalis kwa herufi kubwa mbele ya maneno "mkuu wa kaya", na Vitalis akaweka sahihi polepole, ulimi nje kidogo, akiipamba mwishoni kwa mkia mrefu.

Severina alichukua korosho nyingine akaichambua. Salmini alikuwa amejiandaa kwa machozi yake, na kwa matusi pia, na kwa kila kimoja alikuwa na jibu. Ukimya ule ulikaribia kumuudhi. Akampigia simu mkuu wake palepale.

"Ya mwisho tayari, bosi. Hapana, hakuna ubishi wowote. Watu waungwana kabisa."

Dereva alishusha mifuko mitatu kutoka kwenye gari, akaipanga karibu na kisima. Vitalis aliikagua mmoja mmoja, akaipigapiga, akaridhika.

"Mwanangu," alisema, "mnarudi Masasi sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi naomba msaada. Hii mifuko muirudishe garini, mpitilize kidogo mpaka Nanganga mkaishushe kwa dada yangu. Wana choo kimewashinda kumaliza."

Salmini alidhani hakusikia vizuri. "Nanganga? Si ya kuzibia kisima, mzee?"

"Mmenipa mimi," alijibu Vitalis kwa upole, "na mimi kwetu Nanganga."

Akainuka kumpisha mkewe kigodani. Severina alikung'uta kanga, akaja akakaa, akaweka mikono magotini.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kwa huyu aliyekuja kuoa hapa kwetu umeshamaliza. Sasa tuongee na mimi, niliyeachiwa na mama yangu kiwanja, nyumba na hicho kisima."