Kawa la Mwisho

Kabla wasomaji wa Kurani hawajafika msibani, wanawake walianza kuifunika picha, maana Kurani haisomwi mbele ya sura za watu. Marehemu Badi aliichora kwa miaka tisa kwenye ukuta mzima wa sebule: meza ndefu isiyo na mwisho, watu mamia wameketi bega kwa bega, kila mmoja amefunikwa kichwa chote kwa kawa la ukindu, kama chakula. Hakuna aliyemwona mwenziwe.

Walitundika khanga moja baada ya nyingine.

“Shoga, khanga zimekwisha,” jirani, Shufaa, alimwambia mjane, Mwanakheri. “Amebaki huyu mmoja.”

Mwanakheri hakuwahi kuitazama picha ile. Kila jioni alimletea Badi sahani ya chakula, akaifunika kwa kawa, akaondoka. Sasa alisogea. Mwanamke aliyebaki bila khanga, tofauti na wenziwe wote, alikuwa kichwa wazi, ameelekea mlangoni, na juu ya nyusi ana kovu kama la Mwanakheri.

“Kumbe alikuwa akiniona,” alisema.

Akaenda jikoni, akaifunua sahani ya jana ambayo Badi hakuigusa. Akarudi na lile kawa, akasimama mbele ya uso wake mwenyewe ukutani. Barazani wasomaji walipiga hodi. Jikoni, nzi walianza kutua juu ya wali.