Uzio wa Nyani

Enzi wanyama walipokuwa na wenyeviti, Nyani alichaguliwa kulinda msitu walimozikwa mababu zao, wenye chemchemi iliyowanywesha wote. Kichwa kikamvimba siku ileile.

"Tutauzungushia uzio imara!" akatangaza.

"Miti ya uzio tutaitoa wapi, mheshimiwa?" akauliza Digidigi.

"Humuhumu. Kwani msitu si wetu?"

Wakakata mpaka uzio ukakamilika. Nyani akauzunguka kwa maringo, akiupapasa, moyo umemjaa. Kisha akawaita wanyama wote, akafungua lango. Ndani mlikuwa na visiki vitupu, na chemchemi imegeuka tope.

"Mheshimiwa," Digidigi akasema, "sasa tunalinda nini?"

 Nyani akalifunga lango haraka.

"Uzio," akajibu. "Na atakayeugusa nitamshtaki."