Picha Zilizobanwa

Washenga walishavaa kanzu, wanangoja neno la Bi Mize tu. Mwanawe Shomvi alikuwa amemtumia picha za binti anayemtaka, zote zimebanwa kwenye faili moja, na simu imegoma kama punda.

"Bonyeza 'Toa', shoga," alisema jirani yake, Bi Mwanate.

"Nimetoa! Sasa zimeingia wapi?"

"Kwenye folda. Hebu lete!"

Picha zikamwagika. Binti mzuri, hana kasoro. Ila ya mwisho mtandio umeteleza, na sikioni ana kijinyama kama punje ya mtama. Kama cha Shomvi. Kama cha marehemu baba yake Shomvi, mtu wa safari nyingi.

"Haya mama, twende, tusiende?" washenga wakauliza.

Bi Mize akazidi kuikuza picha kwa vidole viwili, mpaka kioo kizima kikawa sikio.