Mjane Mwenye Meno Nje

Ukumbi mzima uliangua kicheko kabla Chiriku hajatamka neno. Akapapasa kinyago alichovaa, akakuta midomo imepinda juu.

Kikundi chao kilikuwa kikiigiza msiba kwa mtindo wa kale, kila mtu na kinyago chake cha karatasi ngumu. Chiriku ndiye mjane. Kwa haraka zake gizani nyuma ya pazia, alikuwa amejivika kinyago cha mlevi.

Safu ya mbele alikaa baba yake, kakunja mikono. Alishamwambia, "Nikisinzia tu, mwanangu, Jumatatu unakuja kuuza misumari dukani."

Jasho lilimchuruzika puani, na gundi ya kinyago ikazidi kunuka. Akimbie?

Akaliangukia jeneza. "Mume wangu, umeniacha!" Kisha akauinua ule uso wenye meno yote nje, akawageukia watazamaji. "Jamani, kweli kaniacha? Ndiyo harudi tena?"

Jeneza lenyewe likaanza kutikisika. Marehemu alikuwa hoi kwa kicheko.

"Bado yupo huyo!" sauti nene ikapaa kutoka safu ya mbele. Baba alikuwa amesimama, anajifuta machozi kwa kofia. "Muulize upesi, mama, funguo za kabati kaficha wapi!"