Nyumba ya Katikati

Thirza aliposikia mtaimbo ukigonga mlango wa jirani, alijua wabomoaji wamekuja kuibomoa nyumba hiyo.

Jirani alikuwa amezikwa Jumatatu, na tajiri mwenye kijiji alitaka njia ya gari lake ipite hapo. "Nyumba tupu haina mtetezi," alisema mbele ya kanisa, watu wakisikia.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa ya katikati katika safu ya nyumba tano za kale zilizoshikana, na zilikuwa tano kwa macho tu. Boriti moja ya mwaloni ilipita juu ya vichwa vya wote, na kilichowatenganisha ni fito zilizokandikwa udongo. Ukiangusha moja, umeziangusha zote.

Thirza akashika chuma cha kuchochea moto, akaupiga ukuta wake mwenyewe. Udongo ukamwagika pamoja na majani makavu na manyoya ya ng'ombe. Kwenye bonge moja aliona alama za vidole vya mkandikaji, mtu aliyekufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Akaweka vidole vyake humo. Vikaenea.

Akavunja fito, akapenya, akaketi kwenye kiti cha marehemu.

Mlango ukaanguka. Msimamizi wa wabomoaji akaingia, wafanyakazi wake nyuma yake.

"Bibi wewe, umepitia wapi?"

"Kwangu."

"Hebu toka. Nimetumwa kuvunja nyumba tupu."

"Basi katafute iliyo tupu. Humu mna mtu, na hajanywa chai."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Msimamizi akauinua mtaimbo kuelekea kwenye boriti.

Hapo ukuta wa upande wa pili ukatikisika, udongo ukaporomoka sakafuni, na mkono wa jirani wa nyumba ya upande huo, uliojaa vumbi, ukachomoza.