Kwa Faida ya Anayeanza

Aneth, mpiga chapa aliyepunguzwa kazini, alibonyeza kitufe katika darasa alikojifunza kuandika programu, mbele ya mwajiri aliyekuja kumjaribu. Kioo cha kompyuta kilibaki cheusi.

"Ile zana ya kuunda programu kwa kitufe kimoja nimeifuta," alisema mwalimu wake wa zamu ya asubuhi. "Anayeanza aandike amri zote mwenyewe, ajue."

"Umeifuta leo, bwana? Utamvunja moyo anayeanza!" alifoka mwalimu wa zamu ya jioni.

"Wewe unawadekeza!"

"Walimu wangu, nawaomba, nitajieni basi hizo amri," Aneth alisihi.

Hawakumsikia. Walikuwa wameshikana mashati, kila mmoja akimtetea anayeanza.

Mwajiri alikwenda mlangoni, ambako wote walikuwa wamevua viatu ili vumbi la Dodoma lisiingie kwenye kompyuta. Alivaa kimoja. Alipoinama kuchukua cha pili, Aneth alikuwa amekikumbatia.